Yai la Msiba

"Huendi, shemeji. Huendi mimi nikiwa nimesimama hapa."

"Basi kaa," Mama Élisabeth akamjibu. "Ukikaa nitapata pa kupita."

Ezéchiel hakukaa. Alikuwa ameujaza mlango wa saluni kama mtu aliyeumbwa kwa kipimo cha mlango ule, mkono mmoja huku na mwingine kule, koti la mzee wa kanisa limembana mabega, jua la saa sita la mtaa wa Point likimchoma mgongoni. Sauti yake nayo ilikuwa na sifa yake. Alipokuwa akiomba siku za ibada, meli zilizotia nanga bandarini zilidhani zimeitwa, zikapiga honi. Anayebisha aende akawaulize mabaharia.

Mama Élisabeth alishika kikapu cha matunda: machenza, ndizi, maparachichi mawili, na nanasi lililokaa juu yao kama mfalme. Yote ni matunda ya ganda. Alikuwa ameyachagua moja moja tangu sokoni, akiyabonyeza na kuyanusa hadi muuzaji akamuuliza kama anatafuta tunda au mchumba.

"Leo iko siku ya saba ya matanga," akasema. "Joel akiinuka pale alipokaa, anapanda ndege, anarudi Australia kwake. Hapa Durban hakuna tena mtu mwingine wa damu ya Bibi Minna. Nitamwomba nani msamaha? Bahari?"

"Msamaha wa nini? Weye ndiye uliyefiwa. Weye ndiye uliyeletewa yai."

"Mais, Ezéchiel..."

"Yai, shemeji! Kwenye matanga ya kaka yangu! Mtu anaingia bila hodi, bila pole, anakushikisha yai! Leo hii unambebea nanasi?"

Kwenye kiti, ameachwa kitambo katikati ya kusukwa, Kagendo aligeuza shingo. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, Mmeru wa Kenya, mtu wa heshima zake. Lakini nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa vizuri na nusu ya pili imesimama kama shamba lililokimbiwa na trekta.

"Jamani," akasema, "kama mtapigana, nimalizieni upande huu kwanza. Kesho nina darasa."

"Nyamaza, mwalimu," wote wawili wakamwambia kwa pamoja, na hilo lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu asubuhi.

Sasa, anayetaka kulielewa yai hilo inabidi kwanza apande lifti.

Mama Élisabeth alifika Durban na mumewe Désiré miaka kumi na minne iliyopita, wametoka Uvira na mabegi mawili, na moja kati ya hayo mawili lilikuwa la mtu mwingine. Désiré alipata kazi ya kupakia makontena kule Clairwood. Yeye akapata kazi ya kupiga deki katika jengo moja la South Beach, ghorofa kumi na nne, madirisha yote yakiangalia maji. Lifti ya jengo lile ilikuwa na umri wa Nuhu na tabia za punda. Ilipanda ikikohoa, ikashuka ikilalamika, na siku moja asubuhi, kati ya ghorofa ya sita na ya saba, ikaamua imetosha.

Ndani yake walikuwa watu wawili tu: Mama Élisabeth na ndoo yake, na bibi mmoja wa Kiyahudi wa ghorofa ya tisa. Huyo ndiye Minna. Alikuwa mfupi kiasi kwamba kitufe cha ghorofa yake mwenyewe alikibonyeza kwa ncha ya fimbo. Taa ikazimika. Wengine husema walikaa humo siku tatu, lakini hiyo ni chumvi. Zilikuwa saa sita tu, ingawa saa za gizani huzaa watoto.

Mama Élisabeth alilia. Alipiga mlango, akaita watakatifu wote anaowajua na wawili asiowajua. Bibi Minna alingoja mpaka akachoka. Kisha akafungua chupa ya maji, akanong'ona kitu, akanywa funda moja, akampa chupa yote.

"Umesema nini juu ya maji?" Mama Élisabeth akamuuliza kwa Kiingereza chake kilichochanganyika na Kifaransa.

"Nimeshukuru."

"Hata maji?"

"Hasa maji," Bibi Minna akasema. Na humo gizani akamsimulia kwamba Musa alipotumwa kuupiga mto wa Misri ugeuke damu, hakuupiga yeye. Aliupiga kaka yake, Haruni. Kwa nini? Kwa sababu mto ule ndio uliomficha Musa alipokuwa mtoto ndani ya kikapu. Maji hayana masikio, hayana moyo, hayaoni haya. Hata hivyo waalimu wao wanafundisha kwamba mtu hapigi kilichomficha. Kisima ulichokunywa, usikitupie jiwe.

Ndipo akamsimulia na ile ya mzee wa kale aliyekuwa na mkono wa dawa. Mgonjwa akimshika mkono tu anainuka kitandani. Siku moja akaugua yeye mwenyewe. Akalala, akaguna, mpaka mwenzake alipokuja akamwambia, nipe mkono, akampa, akainuka.

"Kwani yeye hakuwa na mikono?" Mama Élisabeth akauliza.

"Alikuwa nayo. Lakini mfungwa hajifungulii mlango. Inabidi mtu aje kutoka nje."

"Na sisi atakuja nani?"

"Fundi," Bibi Minna akasema. "Mungu akipenda, na fundi akimaliza chai."

Wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomtuliza. Na kwa kuwa mikono ya Mama Élisabeth haikujua kukaa bure, akaanza kuzisuka nywele za yule bibi palepale gizani, kwa kupapasa tu. Fundi alipofungua mlango mchana, alimtoa mwanamke wa Kizungu wa miaka sabini na kitu, mwenye mistari minane ya kusukwa iliyonyooka kama reli. Wanasema fundi yule aliacha pombe.

Wiki iliyofuata Bibi Minna akamwita. Marehemu mumewe alikuwa kinyozi wa mabaharia hapo Point, na kiti chake cha chuma kilikuwa bado kinakaa chumbani kimefunikwa shuka.

"Chukua," akamwambia. "Waalimu wetu wanasema kutoa kuna ngazi. Chini kabisa ni yule anayetoa amenuna. Juu kabisa ni yule anayempa mtu kazi, ili kesho asiwe na haja ya kupewa. Mimi magoti yangu mabaya, sipandi ngazi nyingi. Nimeona nianzie juu."

Wanaume wanne wa makontena kutoka Clairwood walikibeba kiti kile. Kilikuwa kizito hivi kwamba bakkie, ile pikapu iliyokisafirisha, ilivuka robot tatu za barabarani, nyekundu na kijani, na magurudumu ya mbele hayajagusa lami. Kikawekwa Point, katika kichumba cha mlango mmoja, na juu ya kiti hicho Mama Élisabeth akajenga saluni, na saluni ikawalisha yeye na mumewe, na jina lake likajulikana kutoka Point mpaka mjini.

Miaka minane walikwenda vizuri. Kila Jumatatu, siku ambayo saluni hulala, alipanda ghorofa ya tisa kumsuka yule bibi. Alifundishwa kwamba wao wakifungua macho asubuhi, kabla ya kunawa, neno la kwanza mdomoni ni kushukuru kwa kurudishiwa pumzi.

"Kwetu," Mama Élisabeth akasema, "neno la kwanza asubuhi ni: nani amemaliza sukari?"

Jambo moja tu lilimkera. Bibi Minna hakula chakula chake. Sombe ya majani ya muhogo alikataa, samaki wa kukaanga alikataa, hata chai katika kikombe cha Mama Élisabeth alikataa, kwa sababu ya sheria za vyungu vyao. Alipokea matunda tu, tena mazima, na ganda lake. Mama Élisabeth alisema amezoea. Lakini mtu akikataa chungu chako miaka minane, kuna kijiwe kinabaki kiatuni hata ukikisahau.

Halafu Désiré akaanguka kule Clairwood, presha ikamwangusha katikati ya kontena na kontena, akafikishwa hospitali ameshakwenda.

Siku ile walipotoka makaburini, nyumba ilikuwa imejaa kanisa zima. Mama Élisabeth alikaa mkekani, nywele wazi, hana sauti. Hapo Bibi Minna akaingia. Alikuwa ametembea na fimbo yake kutoka South Beach, miaka themanini na moja kwenye magoti mabaya, akibeba mfuko mkononi. Hakubisha hodi. Hakusema pole. Hakumsalimu mtu, hata wazee waliokaa mlangoni. Alipita katikati ya watu kimya kama anayepita nyumbani kwake, akajishusha mpaka chini, mkekani, magoti yakilia kama bawaba. Akatoa bakuli la dengu. Akatoa mayai ya kuchemsha. Akamenya moja, akamtia mjane mkononi, akangoja.

Ezéchiel ndiye aliyeruka wa kwanza. "Mlozi!" akapiga kelele. "Mnaona? Anaingia bila salamu! Anampa mjane yai! Chakula cha shemeji hajawahi kula, leo analeta chake yeye! Ni nani aliyemla kaka yangu? Si huyu?"

Watu hamsini wakageuka, macho mia. Mama Élisabeth akalitazama lile yai mkononi mwake, jeupe, lina joto bado. Angeweza kuuliza. Neno moja tu, hii ni nini, Bibi? Badala yake akalitupa. Likadunda ukutani, likabingirika mpaka ngazini, na wanasema lilishuka ngazi zote bila kupasuka, likangoja robot iwe kijani ndipo likavuka barabara. Na akasema, kwa mdomo wake yeye, si wa Ezéchiel: "Toka."

Bibi Minna akainuka. Ilimchukua muda mrefu kuinuka, na hakuna aliyempa mkono. Mlangoni aligeuka akasema maneno machache ya Kiebrania, na kanisa zima likakemea laana.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tangu siku ile Ezéchiel akaonekana ana jicho la rohoni, akapewa uzee wa kanisa na koti lake. Na Mama Élisabeth akaacha kupanda ghorofa ya tisa.

Mwaka huohuo, karibu na sikukuu zao za mwezi wa tisa, Bibi Minna alikuja saluni. Akasimama nje ya kizingiti na fimbo yake. "Élisabeth," akasema, "kama nimekukosea, nisamehe. Kabla ya siku yetu ya kufunga, sisi huombana." Mama Élisabeth alikuwa na mteja wa kanisani kwenye kiti. Akawasha mashine ya kukaushia nywele. Wiki iliyofuata bibi akarudi, mashine ikawashwa tena. Akaja mara ya tatu, na mara ya tatu mteja alikuwa hana hata nywele ndefu za kukausha, na bado mashine iliunguruma. Hakuja tena. Hakuja kudai kiti chake pia. Kila siku ya Mungu Mama Élisabeth alikizungusha kiti kile, akakipandisha, akakishusha, akala kwa kiti kile, na kumtamka aliyekitoa hakumtamka.

Miaka minne ilipita namna hiyo. Akimwona kwenye benchi la ufukweni, anavuka barabara.

Jumatano iliyopita Cyprian, mlinzi wa jengo lile, Mhaya wa Tanzania, akamletea habari: Bibi Minna amefariki jana, anazikwa leo. Mama Élisabeth akaacha kichana kwenye kichwa cha mtu, akaenda. Alifika ghorofa ya tisa watu wametoka makaburini. Mlango ulikuwa wazi. Aliinua mkono abishe hodi, akaona hakuna anayebisha: watu walikuwa wanaingia tu, mmoja mmoja, kimya, bila salamu, wanakaa. Katikati, kwenye kigoda kifupi, mwanamume wa makamo, ukosi wa shati umechanwa. Huyo ndiye Joel, mtoto pekee. Na mama mmoja wa jirani alikuwa ameinama mbele yake, anamenya yai, anamtia mkononi.

Mama Élisabeth hakuingia. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye lifti, na hapo akamkuta bibi mwingine, Cathy, jirani wa marehemu wa miaka mingi.

"Lile yai," Mama Élisabeth akamuuliza. "Lile yai ni la nini?"

Cathy akamweleza kama anavyoelezwa mtoto. Mfiwa akitoka makaburini haruhusiwi kula chakula chake mwenyewe. Mlo wa kwanza lazima utoke kwenye mkono wa jirani, ili ajue kwamba hakubaki peke yake duniani. Yai ni duara, kama maisha yanavyozunguka. Dengu haina mdomo, kama mfiwa asivyo na la kusema. Na anayekuja kumfariji haanzi kuongea. Anakaa kimya mpaka mfiwa aanze.

"Na yale maneno ya mlangoni?"

"Ya kumwombea faraja. Kwani wewe unamlilia nani, mama?"

Mama Élisabeth alishuka kwa ngazi, ghorofa tisa. Lifti hakuweza kuingia.

Angerudi kesho yake. Lakini Alhamisi wateja walikuwa wengi, au alisema ni wengi. Ijumaa aliambiwa jioni ni sabato yao. Jumamosi ni sabato yenyewe. Jumapili ni kanisa. Jumatatu alifika mpaka mlango wa chini, akaona koti lake lina doa, akarudi. Na katika kujirudisha huko alikuwa na faraja moja: kwamba siku kubwa ya matanga ni ya mwisho. Kwao Uvira ndivyo ilivyo. Siku ya kuanua matanga ndipo watu wote hufika, mikeka hukunjwa jioni, na aliyekuwa mbali huonekana. Angekuja siku hiyo, na matunda ya ganda, apige magoti mbele ya watu wote kama alivyomfukuza yule bibi mbele ya watu wote.

Ndiyo sababu alikuwa amefunga kitambaa kipya Jumanne hii. Ndiyo sababu mchana wote huu Ezéchiel alikuwa mlangoni.

"Watu wa kanisa watasema nini?" Ezéchiel akauliza. "Kwamba mjane wa Désiré anakwenda kulia kwa mlozi?"

"Watasema tuliyemwita mlozi alikuwa ameleta chakula cha msiba. Ndiyo kweli. Acha waseme."

"Donc, basi mimi ni mwongo."

"Sikusema mwongo. Hukujua. Mimi pia sikujua."

Ezéchiel akaangalia chini, kwenye koti lake.

"Maman," Kagendo akasema polepole kutoka kwenye kiti, "hao watu wanakaa mpaka saa ngapi siku ya mwisho? Umeuliza?"

"Siku saba ni siku saba, mwalimu. Jumatano mpaka leo jioni. Hilo nalo linataka chuo kikuu?"

"Nauliza tu. Kila watu wana hesabu yao."

"Ezéchiel, nipishe. Kweli sasa nipishe."

Ezéchiel alitoa mkono mmoja mlangoni. Akautazama, kama haujui. Kisha akatoa na wa pili, akaingia ndani, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, koti la mzee wa kanisa likamkunjamana magotini.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Yai. Nilijua."

Sauti ile ya kuitisha meli ilikuwa imebaki ndogo, ya mtu wa kawaida mwenye kiu.

"Mwezi mmoja baada ya matanga. Nilikuwa napita ufukweni, yeye amekaa kwenye benchi. Akaniita. Nilitaka kukimbia, shemeji, lakini mtu anamkimbiaje bibi wa fimbo, mchana, watu wanaona? Akaniambia yote. Yai, dengu, kunyamaza. Akasema, mwambie Élisabeth sikutaka kumtisha. Akasema yeye ndiye alikosea, alitakiwa aulize desturi zetu kwanza. Yeye akosee! Halafu akaniuliza kama nimekula."

"Na weye ukasema nini?"

"Nikasema nitamwambia."

Kagendo alikuwa ameshika mkono wa kiti kama anayeshuka mteremko.

"Walikuwa wamenipa uzee wiki ileile," Ezéchiel akasema. "Mchungaji alisimama mbele ya watu wote, akasema ndugu Ezéchiel ana jicho. Nikasema moyoni, nitamwambia Jumapili ijayo. Eish, shemeji. Jumapili nyingi sana zimepita. Kila nikikuona unavuka barabara kwa ajili yake, nilitaka kusema. Na leo nilijua ukifika kule, yule mtoto wake atakwambia mama yake alikwisha kunieleza. Ndiyo maana nimesimama mlangoni. Si kwa ajili ya Mungu. Kwa ajili ya koti."

Mama Élisabeth aliweka kikapu chini. Kagendo alifumba macho, akidhani sasa ndipo kofi linaposhuka. Halikushuka. Mama Élisabeth alisimama tu akikiangalia kiti cha chuma, mkono wake ukiwa kwenye bega la Kagendo, kana kwamba Kagendo ndiye aliyefiwa.

"Hata ungeniambia," akasema mwisho, "labda nisingekwenda."

"Shemeji..."

"Acha niseme. Nimekuwa nikijidanganya tangu Jumatano kwamba shida ni yai. Alikuja hapa mlangoni mara tatu. Hakuleta yai. Alileta mdomo wake, akaniita kwa jina langu, akaniomba msamaha mimi niliyemtupia chakula. Mara ya tatu sikuwa na hofu yoyote ya ulozi, Ezéchiel. Nilikuwa naona haya tu. Na nilimchukia kwa sababu kila nikimwona nakumbuka nilivyosema toka. Mtu aliyekutoa shimoni ndiye mgumu kuliko wote kumtazama, maana alikuona ulivyokuwa humo." Akapangusa uso kwa ncha ya kitambaa kipya. "Wakoma kumi waliponywa, mmoja akarudi kushukuru. Mahubiri yote wanasema wale tisa walisahau. Hawakusahau. Walikuwa wanavuka barabara."

"Wewe maman," Kagendo akasema.

"Nyamaza, mwalimu, nitakumaliza kusuka nikirudi. Vaa kofia."

"Kofia haitaingia upande huu."

"Basi kaa hapo ulinde saluni. Akija mteja, mwambie ndiyo mtindo mpya."

Ezéchiel aliinuka kutoka kwenye ndoo. Alivua koti, akalikunja, hakujua pa kuliweka, akaliweka kwenye ndoo. "Nakwenda na weye," akasema. "Nitabeba kikapu. Na nitasema langu mbele yake, yule Joel, kwamba aliyepiga kelele ni mimi."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Kama kuna meli bandarini nazo zisikie."

Mama Élisabeth akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, na palepale akaanza kupanga, kama wapangavyo watu waliochelewa. Watapita njia ya ufukweni, ni fupi. Hawatabisha hodi. Wataingia kimya, watakaa chini, hawatasema kitu mpaka Joel aseme. Nanasi libaki juu, asilibebe kwa kichwa chini. Na Joel akisha kusema, akishawaangalia, akiuliza nyinyi ni nani kwa mama yangu...

"Utasema nini?" Ezéchiel akauliza.

"Nimelifikiria wiki nzima. Nitaanza na lifti. Nitasema, mwanangu, siku moja mimi na mama yako tulifungiwa gizani, na yeye..."

Cyprian akaingia. Alikuwa bado na sare za ulinzi, jasho shingoni, na mkononi ameshika rundo la funguo lenye kibao cha namba ya ghorofa ya tisa.

"Shikamoo mama. Nipo njiani kupeleka hizi kwa wakala wa nyumba, nikaona nipite," akasema. "Nimekutazamia asubuhi nzima. Kumbe wao siku ya saba hawaimalizi. Wakishasali asubuhi wanakaa kidogo tu, basi imehesabiwa, wanainuka. Yule Joel teksi yake ya uwanja wa ndege niliifungulia geti saa nne."

Akawatazama mmoja mmoja, na kikapu, na koti juu ya ndoo.

"Nimekatiza mazungumzo?" akauliza.